Nani Ampishe Mwenzake

Iringa,
3 Juni 1957

Ikupa mwenzangu,

Salamu nazimaliza kwa mstari mmoja ili karatasi itoshe: mimi mzima, mama mzima, shule nzima ina mafua. Sasa kaa chini.

Tumechaguliwa! Jumamosi tarehe 7 Septemba, hapo hapo kwenu Mbeya, patakuwa na mashindano ya sarakasi na viungo ya nchi tatu: sisi Tanganyika, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Wanaume wana timu zao za kuruka na kupandana mabegani. Wasichana tumepewa shindano moja tu, la wawili wawili, mmoja chini na mmoja juu. Na katika Tanganyika nzima jozi iliyopeleka majina ni moja. Mimi chini, wewe juu, kama tulivyokuwa chuo cha ualimu. Usinune kwamba nimeandika jina lako bila kukuuliza. Ningekuuliza ungeanza kufikiria.

Katibu wa kamati, Bwana Edmund, aliniambia wasichana wangependeza zaidi wakiimba. Nikamwambia mimi nikiimba watu watatafuta mlango. Hapo akaniwekea sharti: kila nchi ilete jozi yake. Ikikosekana hata moja, shindano la wasichana linafutwa, na mwakani halirudi kwenye ratiba. Wa Nyasaland wamethibitisha, wa Rodesia wamethibitisha. Kwa hiyo wanaongojewa walifute ni sisi, na nimeona usoni mwake kwamba anangoja kwa hamu.

Mwalimu mkuu wangu naye kaniuliza nimejifunzia wapi mambo ya kiume. Nikamjibu: Ifunda, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, wakati wa vita, baba akiwapasulia kuni. Bibi Zofia alikuwa amepoteza nyumba, mume na nchi yake, lakini kila asubuhi alisimama kwa mikono nje ya kibanda chake, nyayo juu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikatua kuni nikamwiga, nikaanguka, nikamwiga tena. Sasa mtu aje aniambie ni mambo ya kiume.

Nyanyua miguu, dada. Tuna miezi mitatu.

Wako wa chini,
Rozalia Kalinga


Ilomba, Mbeya,
16 Juni 1957

Rozalia,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, sikukaa chini hata kidogo, na nilipoimaliza nikapiga vichwangomba viwili hapo hapo uani. Kuku wametawanyika. Jirani yangu Tekla akauliza kama nimeng'atwa na kitu.

Nitakuja. Nimeolewa tangu Januari lakini mikono haijaolewa. Nimegeuza kinu kitako juu, na juu yake ndipo ninaposimama kwa mikono kila jioni nikitoka shule. Kwa mikono miwili nahesabu mpaka arobaini. Kwa mmoja nafika mbili, halafu nakwenda chini na kinu chenyewe. Bega la kushoto lina alama kama ramani.

Saulo amekubali. Yeye ni dereva wa lori, ameona mengi huko njiani, hashangai upesi. Alisema tu, "Usivunjike, maana sijui kupika." Liko jambo moja la ukweni linalonikwaza. Nimeshaanza kulitengeneza polepole na nitalimaliza mwenyewe. Usiniulize. Wewe beba vizito huko uimarishe mabega.

Mwenzako wa juu,
Ikupa


Iringa,
1 Julai 1957

Ikupa,

Debe la mahindi, mara hamsini kwa siku, mikono imenyooka juu ya kichwa. Mama anasema nikiendelea hivi posa zitaletwa na wachukuzi wa gulioni tu. Nimemwambia na walete.

Sasa lile jambo la ukweni. Hukutaka niulize, sikuuliza. Nimelimaliza. Nilijua tu kwamba baba mkwe wako ni mzee wa kanisa na kwamba wazee wa namna hiyo hawapendi kuona kaptula. Mzee akinuna, dawa yake ni heshima. Nikamwandikia Bwana Edmund kwamba mkwe wa mshindani wetu ni mtu mkubwa hapo Ilomba na ingefaa apewe kiti cha mbele kabisa, pamoja na wageni wa nchi nyingine na waamuzi. Edmund amefurahi, alikuwa anatafuta wazee wa kujaza viti. Jina la Mzee Andendekisye limekwenda kuchapwa.

Usinishukuru. Utanishukuru ukiwa juu.

Rozalia


Ilomba,
11 Julai 1957

Rozalia,

Umenimaliza. Nimeianza barua hii mara nne na mara tatu nimeichana kwa sababu ya matusi.

Sikiliza, wewe Mhehe. Sisi Wanyakyusa mwanamke akiolewa haonani na baba mkwe. Sisemi hawazoeani. Nasema asimwone na asionwe naye. Nikisikia sauti yake njiani naacha njia, naingia kwenye migomba, najifunika kichwa na kuchutama mpaka apite. Siongei naye. Jina lake silitamki, na hapa siliandiki, wewe umeliandika kana kwamba ni jina la mbuzi. Mchungaji alishahubiri kwamba Mkristo hafungwi na mwiko huu, na siku ile ile mke wa mchungaji alipomwona mkwe wake nje ya kanisa akazama kwenye shamba la kahawa na Biblia yake.

Nilikuwa nimeshatengeneza! Saulo alimshawishi baba yake aende Tukuyu kumwona dada yake juma lile la mashindano. Mzee alikubali. Alikuwa ameshanunua sukari ya kumpelekea. Sasa Jumapili iliyopita imetangazwa kanisani kwamba yeye ni mgeni wa heshima, mbele ya watu wote, na ameshona koti jipya. Tukuyu haendi tena. Nilimsikia nikiwa kwenye migomba akimwambia mtu kwamba atakaa karibu na mkuu wa wageni wa Nyasaland. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa na furaha namna ile.

Nikiingia uwanjani mbele yake, tena na kaptula, tena miguu juu, wazee watasema nimemtukana. Ndoa yenyewe ina miezi sita. Wanaweza kunirudisha kwa baba yangu, na Saulo pamoja na ucheshi wake wote hatasimama peke yake mbele ya ukoo. Nisipoingia, shindano la wasichana linafutwa, naye Edmund anaimba kwa furaha.

Wewe umelifunga fundo hili. Niambie basi nilifungue vipi.

Ikupa


Iringa,
20 Julai 1957

Ikupa,

Nimekosa. Nimeandika neno hilo mara moja na huwa siliandiki, kwa hiyo litunze.

Kwetu baba mkwe unampa kiti kizuri, maji ya kunawa na nyama iliyonona, mambo yanakwisha. Ningejuaje kwamba kwenu heshima ni kumkimbia? Ungeniambia. Uliniandikia "jambo la ukweni" kama mtu anayeficha kidonda, nami nikakipaka chumvi kwa mapenzi.

Nilikwenda kwa Edmund juzi alipopita hapa Iringa. Nikamwomba amtoe mzee kwenye orodha. Alinitazama kana kwamba namwomba avue suruali. Orodha imechapwa, mzee ametangaziwa, hatoki. Halafu akasema kwa upole sana kwamba kama kuna matatizo ya kimila, wasichana wanaweza kujitoa na hakuna atakayewalaumu. Upole ule ndio ulionichoma. Nikamwambia tutakuwepo.

Sasa nisikilize na wewe. Miezi sita umekuwa unaruka kwenye migomba. Yeye anapita katikati ya njia, wewe majanini, na hata siku moja hajaruka yeye. Utaruka mpaka lini? Sijui mila yenu, na nimeshaonyesha jinsi nisivyoijua, lakini macho yako mawili na yake mawili. Mwiko wa kutoonana unawahusu wawili. Mbona kazi yote unaifanya peke yako?

Mimi tarehe 7 nitasimama uwanjani. Ukija, nitakubeba. Usipokuja, nitasimama nimenyoosha mikono juu, pasiwe na mtu, kwa muda wote tuliopewa, mpaka wanitoe kwa nguvu. Wataona pengo lako wote.

Rozalia


Ilomba,
4 Agosti 1957

Kwa Baba Saulo, mzee wangu ninayemheshimu,

Barua hii imeandikwa na mke wa mwanao. Naomba usiitupe kabla hujaimaliza. Nimewauliza mama watatu wa umri mkubwa kama upo mwiko wa kumwandikia mkwe barua. Wote watatu wamesema hawajausikia. Nadhani mwiko ulipowekwa hakukuwa na mwanamke aliyejua kuandika. Kwa hiyo sijavunja kitu. Sijakuona, hujanisikia, na jina lako halimo humu.

Baba, wewe umealikwa kukaa mbele tarehe 7 Septemba. Mimi nimechaguliwa kucheza siku hiyo hiyo mbele ya viti hivyo, kwa jina la Tanganyika, pamoja na mwenzangu kutoka Iringa. Nisipokuja, wasichana wote watafutwa katika mashindano haya, wa kwetu na wa nchi nyingine waliosafiri mbali. Sitaki wafutwe kwa sababu yangu. Na sitaki kukuvunjia heshima.

Tangu Januari nimekupisha njia. Nimekupisha kwenye mvua, nimekupisha nikiwa na ndoo kichwani, na siku moja nilikupisha nikiwa na homa nikachutama kwenye maji mpaka ulipomaliza kuongea na mtu wa kahawa. Sikulalamika, kwa maana nilikuwa nakuheshimu na bado nakuheshimu. Lakini tarehe 7 njia ni yangu. Nakuomba siku hiyo moja unipishe wewe. Dada yako Tukuyu bado anakungoja.

Nimeandika kwa mkono wangu, Saulo hakunituma.

Mke wa mwanao


Ilomba,
19 Agosti 1957

Kwa mke wa Saulo,

Karatasi yako nimeipokea. Nimeisoma mara mbili, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaitoa, nikaisoma tena. Katika miaka yangu yote sijapata kuona jambo kama hili, wala baba yangu hakuliona.

Nimealikwa kwa jina langu. Nimetangazwa mbele ya kanisa. Wazee wenzangu kina Filemoni wamenipa mkono. Nikiacha kiti changu, watauliza sababu, nami nitasema nini? Kwamba nimefukuzwa na mke wa mwanangu? Kiti sikiachi.

Wewe usije uwanjani. Ukija, wazee watakaa kikao juu yako, na mimi sitaweza kuwazuia.

Nimesema.

Andendekisye


Ilomba,
25 Agosti 1957

Rozalia,

Nilimwandikia mkwe mwenyewe. Ndiyo, mimi. Nilimwomba anipishe siku moja. Amekataa. Ameniambia nisije.

Nimelia siku mbili kwa hasira. Siku ya tatu nikapanda juu ya kinu, nikasimama kwa mkono mmoja nikahesabu tano. Sijui zile tatu za ziada zilikuwa zimejificha wapi.

Nakuja. Wakinirudisha kwa baba yangu, nitarudi nimenyooka. Nitaingia uwanjani nimefunika kichwa, nitampa kisogo yeye na viti vyote, na nikishatoa kanga sitageuka mpaka tumalize. Heshima yangu yote niliyobaki nayo ndiyo hiyo. Ya ziada sina.

Njoo na basi la Alhamisi. Utalala kwa Tekla. Saulo nimemwambia. Akaenda kuninunulia mafuta ya kuchua bega.

Ikupa


Iringa,
12 Septemba 1957

Ikupa wangu,

Nimefika salama, ila shingo haigeuki. Lori la wanaume liliondoka mara tu baada ya vikombe, ndiyo maana tuliagana kama watu wanaofukuzwa. Kwa hiyo naandika yale ambayo sikupata nafasi ya kukuambia. Najua Saulo amekusimulia. Lakini Saulo alikuwa upande wa malori, na wewe ulikuwa umevipa viti kisogo. Mimi nilikuwa chini yako nikivitazama. Niliona kila kitu.

Tulipoitwa, Edmund alisimama kuona kama kweli tutaingia. Ulipotokea umefunikwa kichwa kwa kanga, watu wa Rodesia wakacheka, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Watu wa Ilomba hawakucheka. Macho yao hayakuwa kwako, yalikuwa kwa mzee. Alikuwa na koti lake jipya. Koti zuri, lazima niseme. Tulipofika katikati na mkono wako ukashika ile kanga, nikamwona anasimama.

Nilifikiri anakuja kutusimamisha. Nakuambia kweli, nilikunja ngumi. Nilikuwa nimeamua kwamba akivuka kamba ya uwanja nitambeba kama debe la mahindi nimtoe nje, mkwe au si mkwe.

Hakuvuka kamba. Alikinyanyua kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa. Mgongo kwetu, uso kwenye ukuta wa ghala. Yule mkubwa wa Nyasaland akamgusa bega, nadhani alidhani mzee amekasirika au anaumwa. Mzee akatikisa kichwa tu. Edmund akakimbilia kwake na kumnong'oneza. Mzee akamjibu kwa sauti, mimi nikasikia mpaka pale, "Niache, mwanangu. Nampisha mkwe wangu."

Wazee wengine wawili wakatazamana. Halafu mmoja wao, yule mnayemwita Filemoni, naye akageuza kiti chake. Kwa nini yeye, sijui, labda kwa kumsindikiza mwenzake. Hapo ndipo ulipotoa kanga, ukasema "sasa," ukakanyaga paja langu. Nilikuwa nalia. Lile tone ulilolalamikia kwamba limelowesha kiganja halikuwa jasho.

Mengine unayajua. Rodesia wametushinda kwa alama moja na nusu, na sisi tulikatwa mbili kwa kutowasalimu waamuzi kwa uso. Nilimwambia Edmund kwamba kama si hilo sisi ni wa kwanza. Akasema kanuni ni kanuni. Lakini shindano la wasichana liko kwenye ratiba ya Blantyre mwakani, aliliandika mwenyewe mbele yangu, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kwa kinyongo.

Je, wazee wamesemaje? Niandikie haraka. Kama wamekurudisha kwa baba yako, nakuja na basi la kwanza.

Rozalia


Ilomba,
26 Septemba 1957

Kwa mke wa Saulo,

Wazee waliketi Jumamosi kunihoji. Waliuliza kama mke wa mwanangu amenivunjia mwiko. Nikawaambia mwiko ni kuonana, na mimi sikuona kitu. Wakasema ulikuja wakati umekatazwa. Nikasema aliyekukataza ni mimi, na aliyegeuka ni mimi, kwa hiyo shauri ni langu, nami nimelifunga. Walinung'unika. Tumekula, wamekwenda.

Usidhani nilipanga. Nilikwenda na koti langu nikiwa nimekusudia kukaa vile nilivyoalikwa. Nilidhani hutakuja. Ulipokuja umefunika kichwa, nikakumbuka maneno yako kuhusu kuchutama kwenye maji. Sikujua kwamba ulikuwa pale siku ile. Tangu uniandikie jambo hilo, kila nikipita njiani naitazama migomba.

Sasa nina neno. Uwanja ulijaa watu, na walioketi bila kuona ni mimi na Filemoni tu. Nilisikia watu wakinyamaza, halafu nikasikia wakipiga kelele kiasi ambacho sijapata kusikia tangu vita viishe. Tangu siku hiyo kila mtu ananisimulia yake. Saulo anasema ulisimama juu ya mikono ya yule msichana kwa mkono wako mmoja. Mchungaji anasema ilikuwa mikono miwili, na kwamba mmoja hauwezekani kwa mwanadamu. Wamebishana mbele yangu mpaka chai ikapoa, na mimi niliyekuwa pale siwezi kusema neno.

Kamati imeniomba niongozane na timu mpaka Blantyre mwakani. Sijawajibu.

Niandikie wewe mwenyewe ilikuwaje.

Andendekisye


Ilomba,
1 Oktoba 1957

Kwa Baba Saulo, mzee wangu,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma kwenye migomba, maana nilikuwa nimekusikia unakuja.

Ilikuwa hivi. Mwenzangu alisimama amenyoosha mikono juu ya kichwa, viganja vimetazama juu. Nilipanda kwa paja lake, kisha bega, kisha nikaweka mikono yangu juu ya yake na kupeleka miguu mbinguni. Niliona Mbeya nzima kichwa chini: mlima, malori, watu wa Rodesia. Nikatulia. Halafu nikauachia mkono wa kushoto, nikaunyoosha pembeni. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ya sita sikuwahi kuifikia nyumbani. Nilishuka kwa kichwangomba nikasimama kwa miguu yangu, sikuyumba.

Mwambie mchungaji amekosea. Ulikuwa mkono mmoja.

Na kamati wajibu kwamba utakwenda. Lakini nakujulisha mapema, na hapa siombi ruhusa: Blantyre sitaingia nimefunika kichwa, wala sitawapa waamuzi kisogo. Alama zile mbili zinaniuma mpaka leo. Nitawasalimu uso kwa uso. Wewe unajua la kufanya na kiti chako.

Ikupa